Kifaransa kinanibeba, Kijerumani kinaniangusha. Niache kimoja?

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta. Leo naituma hivi hivi ilivyo.

Mimi ni msichana wa miaka 21, nipo mwaka wa pili chuoni, nasoma Kifaransa na Kijerumani. Watu wakisikia hivyo wanadhani tunafundishwa kuamkiana na kuulizia njia ya stesheni. Kumbe ni lugha, fasihi na historia, za pande zote mbili. Jumatatu sarufi ya Kijerumani, Jumanne Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, Jumatano tamthilia ya karne ya 17 ambayo watu wanagombana kwa vina kuanzia mwanzo hadi mwisho, Alhamisi narudi kwenye sarufi ile ile iliyonishinda Jumatatu.

Kifaransa nilianza nacho sekondari, huu ni mwaka wa nane. Napata A, ikishuka sana B+, na sitoki jasho. Kijerumani nimekianzia hapa chuoni, sifuri kabisa. Tuliambiwa tunaoanza sifuri tutakimbizwa ili mwaka wa tatu tuwe sawa na wenzetu waliokuja nacho. Tumekimbizwa kweli. Kijiko ni mwanamume, uma ni mwanamke, kisu si mume wala mke, na msichana, Shangazi, msichana naye hana jinsia! Halafu hizo der, die, das zenyewe, vineno vinavyotangulia nomino kuonyesha jinsia yake, hazitulii: ukimwona mtu zinageuka, ukimpa kitu zinageuka tena. Kitenzi wanakificha mwishoni mwa sentensi, mpaka ukifike umeshasahau nani alikuwa anamfanya nani nini. Mwaka wa kwanza nilipita kwa kuchechemea. Muhula uliopita nikapata sapu ya sarufi, nikairudia nikapita kwa alama mbili tu.

Hiyo sapu dada yangu haijui. Yeye ndiye anayenilipia ada. Ananipenda na anajinyima kwa ajili yangu, sitaki umwone mbaya. Lakini wiki tatu zilizopita alinipigia akaniuliza, "Hivi hizo lugha mbili zitakuja kukupa kazi gani?" Nikaanza kumweleza habari za ukalimani. Nikasikia anasema na simu nyingine, kisha ile simu ikajibu kwa Kijerumani kitamu, sauti ya mwanamke. Akaniambia, "Umesikia? Hii ni bure." Anataka nibaki na Kifaransa tu, au nihamie kozi ya biashara kabisa, ilhali bado niko mwaka wa pili.

Mwisho wa muhula huu tunajaza fomu: kuendelea na lugha zote mbili au kubaki na moja. Ukibaki na mbili, mwaka wa tatu unatakiwa ukaishi muhula mmoja kwenye nchi inayoongea mojawapo, na kwangu mimi watanipeleka kwenye Kijerumani kwa sababu ndiko niliko dhaifu. Nikifikiria hilo tumbo linaniuma.

Historia na fasihi sikuzifuata. Nilikuja kujifunza lugha. Sioni mfalme fulani kukatwa kichwa kunanisaidia nini mimi. Somo lililowahi kuniingia ni moja tu. Mwalimu wa historia alichora mstari mrefu ubaoni, akatuambia tumfikirie mwanamke aliyezaliwa Strasbourg mwanzoni mwa 1870. Amezaliwa Mfaransa. Mwaka 1871 Ufaransa imeshindwa vita, Alsace, jimbo lenye mji huo, imechukuliwa, na yeye ni Mjerumani kabla hajajua kuongea vizuri. Amesoma kwa Kijerumani, ameolewa, amezaa. Mwisho wa 1918, ana miaka 48, ni Mfaransa tena. 1940, ana miaka 70, ni Mjerumani. Mwisho wa 1944, ana miaka 74, ni Mfaransa. Hajahama nyumba! Mwalimu akatuuliza, lugha yake ni ipi? Wengine wakasema Kifaransa, wengine Kijerumani. Akasema huenda nyumbani kwake hakuongea hata kimoja, aliongea Kialsace, lahaja iliyo jamii moja na Kijerumani, ambayo serikali zote mbili hazikuona raha nayo. Darasa likanyamaza. Kisha akatuambia kwamba Wajerumani walitangaza himaya yao tarehe 18 Januari 1871 kwenye Ukumbi wa Vioo wa Versailles, ndani ya kasri la wafalme wa Ufaransa, na kwamba Wafaransa wakawarudisha kwenye ukumbi ule ule tarehe 28 Juni 1919 kuweka saini ya kushindwa. Nilitoka nikiwa sitaki kuongea na mtu. Usiku huo sikulala vizuri, nilikuwa namfikiria yule bibi ambaye hata hayupo.

Sasa hapo ndipo nilipoharibu. Mwalimu wa Kijerumani alitupa insha ya maneno 400, mada tuchague wenyewe. Nikamchagua yule bibi. Nikakaa na Kijerumani changu, kikanipa sentensi sita za kitoto: bibi ana nyumba, nyumba ni kubwa, bibi ana huzuni. Nikaona namdhalilisha. Nikaandika kwa Kiswahili, kurasa nne, mkono ukitetemeka, halafu nikaziingiza kwenye programu ya kutafsiri, nikapunguza, nikakabidhi. Nilikuwa sijawahi kufanya hivyo.

Karatasi imerudi bila alama. Kuna duara moja la penseli kwenye neno "sei", na pembeni ameandika: "Kwa nini sei, si ist? Pita ofisini." Sijui kwa nini sei. Nilikuwa hata sijui kwamba limo. Ni wiki mbili sasa sijapita. Darasani nakaa nyuma, nikimwona kwenye korido nageuza njia. Karatasi nimeikunja nikaisokomeza ndani ya kamusi ya Kifaransa ili nisiione.

Shangazi, nadhani Mungu ananionyesha kwamba Kijerumani si changu. Nikijaza fomu ya Kifaransa peke yake, dada atafurahi, sapu itasahaulika, na sitahitaji kwenda ile ofisi. Lakini kila nikichukua kalamu nijaze, naiweka chini. Nifanye nini?

Niko Katikati

*

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu niliona umefunga mizigo kadhaa kwa kamba moja na ukanipa nikubebee yote kama mzigo mmoja. Hebu tuifungue kwanza.

Kuna fomu, nayo ina tarehe. Kuna sapu ambayo dada haijui. Kuna swali la dada kuhusu kazi. Na kuna karatasi iliyokunjwa kwenye kamusi. Unaniambia kwamba ukiacha Kijerumani, vyote vinne vitaisha siku moja. Sina hakika. Fomu itaisha, hilo kweli. Karatasi ina jina lako na iko kwenye somo la muhula huu, utakaloendelea kuwa nalo mpaka mtihani hata kama muhula ujao hulisomi. Kwa hiyo nakuomba, kabla hatujaongea habari ya kuacha au kutoacha, uvitenganishe hivi vitu kichwani. Mtu anayechagua kozi ili asipite kwenye korido fulani huwa hajachagua kozi.

Umeniwekea A za Kifaransa upande mmoja na sapu ya Kijerumani upande wa pili, ukaniambia nione mwenyewe kipi ni chako. Hukuiweka miaka. Ni minane kwa mmoja na nusu. Mwaka wa pili wa Kifaransa, ulipokuwa sekondari, ulikuwa unaandika nini? Natamani ungepata daftari lako la wakati ule ulisome leo. Nadhani ungekuta nyumba kubwa na bibi mwenye huzuni humo pia, ila wakati ule hukuona haya, maana ulikuwa mtoto na sentensi za kitoto zilikutosha. Leo una fikra za mtu mzima na Kijerumani cha mtoto wa miaka miwili. Pengo hilo linauma, na linawauma karibu wote wanaoanza lugha ukubwani, lakini sioni kama linatuambia lolote kuhusu kipaji.

Na hicho Kifaransa kisichokutoa jasho nakiangalia kwa jicho la pembeni, unisamehe. Mwaka wa pili wa shahada, riwaya na tamthilia za karne ya 17, na hutoki jasho? Inawezekana una uwezo mkubwa. Inawezekana pia umefika pale ambapo unajua vya kutosha kukwepa usichokijua: unatumia sentensi zile zile ulizozizoea, unazipanga upya, alama zinakuja. Wanaojifunza lugha wanakwama sana hapo, na ni pabaya kwa sababu hapaumi. Sikwambii ndivyo ulivyo. Jiulize tu lini mara ya mwisho Kifaransa kilikushinda jambo ulilotaka kulisema.

Kuhusu msichana asiye na jinsia, umenichekesha, lakini ngoja nikuonyeshe kitu ulicho nacho nyumbani. Msichana kwetu yuko ngeli ya A-WA, ni msichana huyu. Mdogoshe awe kisichana: anahama, anakuwa kisichana hiki, kimekuja, kimekaa. Hakuna aliyemvua utu wake. Ni ile ki- imemvuta ikamwingiza kwenye ngeli yake. (Walimu wa Kiswahili msinikimbilie, najua kipofu na kiziwi wamevaa ki- na bado wanabaki kuwa huyu.) Sasa Wajerumani wana -chen, nayo ni ya kudogosha, na kila nomino inayodogoshwa nayo inakuwa das, hata ingekuwa nini kabla. Mädchen ni udogo wa neno lao la zamani, Magd. Ni ile ile kazi ya ki-, wao wameipeleka mwishoni mwa neno. Watu wengi wanaokutana na mambo haya wanatoka kwenye lugha zisizo na ngeli kabisa, inabidi waaminishwe kwanza kwamba nomino inaweza kuvuta sentensi nzima nyuma yake. Wewe umefanya hivyo tangu unatambaa: kiti kile kikubwa kimevunjika. Sisemi ngeli zitakufaulisha mtihani. Zetu mara nyingi zinajitangaza zenyewe kwenye neno, na zao mara nyingi zimejificha, ndiyo maana neno la Kijerumani usilikariri bila der, die au das yake, kama usivyokariri namba ya simu bila tarakimu ya kwanza. Ila usije ukadhani kwamba hakuna wa kukuambia kwa nini. Mara nyingine yupo, ni kwamba mmekimbizwa mno hata mkakosa nafasi ya kumuuliza.

Haya, tuje kwenye sei.

Nimefikiria sentensi yako ingeweza kuwa ipi. Naibahatisha tu, lakini habari ya yule bibi isingeandikika bila mtu mmoja kumwambia yeye ni nani. Kwa Kiswahili pengine uliandika: wakamwambia yeye ni Mjerumani. Programu ikaandika: Man sagte ihr, sie sei Deutsche. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angeandika ist, yaani "ni" ya kawaida, na asingekosea sana. Hiyo sei ni kitenzi kile kile cha "kuwa", lakini kwa umbo ambalo Wajerumani hulitumia wanaposimulia maneno ya mtu mwingine bila kuyabeba wao. Magazeti yao yamejaa umbo hilo: waziri amesema hali ni hivi na hivi, mwandishi anayafikisha, hayathibitishi wala hayakanushi. Kwetu kitenzi hakibadiliki, lakini tuna neno dogo linalofanya kazi ya jirani. Wakamwambia eti yeye ni Mjerumani. Eti yetu ina ukali kidogo, ina mdomo uliobinuka, na sei yao imetulia zaidi. Lakini zote zinamwachia msemaji maneno yake.

Umeona ilipokufikisha? Ulikuwa na mwanamke ambaye serikali mbili zilibadilishana kumwambia yeye ni nani, mara nne, na wewe unayeandika hukutaka kukubaliana na hata moja. Kijerumani kina umbo la kitenzi la jambo hilo hasa. Ulilihitaji bila kujua kwamba lipo, ukaletewa na mashine, na likakupita machoni.

Kutumia ile programu kulikuwa kosa, mwanangu, na umelijua kabla yangu. Ila naona umelisoma vibaya kidogo. Unaniambia ulidanganya kwa sababu Kijerumani si chako. Mimi nimesoma mtu ambaye mwaka mzima aliandika makosa yake mwenyewe na kuyakabidhi, akachukua sapu yake mwenyewe bila kuibia mahali, na mara moja tu alipokuwa na kitu anachokipenda cha kusema ndipo alipoona aibu ya makosa. Hayo mambo mawili si sawa. Usije ukayachanganya kwenye fomu.

Kwenda ofisini kuna hatari na sitakuficha. Vyuo vinatofautiana: pengine insha itapewa sifuri, pengine utaambiwa uandike nyingine, pengine mwalimu analazimika kuripoti kwa walio juu yake. Kabla hujaenda, soma taratibu za chuo chako kuhusu kazi isiyo ya mkono wako, na kama kuna mshauri wa wanafunzi ongea naye kwanza, ili usiingie gizani. Kutokwenda nako kuna hatari yake. Kila wiki inayopita duara lile linazidi kufanana na jibu, na siku ya mtihani wa mdomo utakaa meza moja na mtu uliyemkimbia muhula mzima. Mwalimu anafikiria nini sijui. Aliandika kwa penseli, akauliza swali, hakuandika neno wizi. Usilijenge hilo likawa tumaini kubwa, lakini usilipuuze pia.

Nirudi kwenye jambo ulilolipitia haraka. Umesema historia na fasihi hukuzifuata. Nilihesabu, mwanangu. Ukalimani na kazi umevipa sentensi moja na nusu. Bibi wa Strasbourg umempa aya ndefu kuliko zote, yenye tarehe na umri wake kila mara, na nina hakika hukufungua daftari kuyaandika yale. Basi naomba usijibu mbio nikikuuliza: ulichokuja nacho chuoni na ulichokikuta, bado ni kitu kimoja? Watu hubadilika mwaka wa pili. Wengine wanaendelea kujieleza kwa maneno waliyoyaandika kwenye fomu ya kuombea nafasi.

Na ujue, habari ya bibi yule haisomeki kwa lugha moja. Mji ule umekuwa hivyo zamani sana. Mwaka 842 wajukuu wawili wa mfalme Charlemagne walikutana Strasbourg kuapa wasisalitiane dhidi ya kaka yao mkubwa. Ludwig, aliyetawala upande wa mashariki, aliapa kwa lugha ya watu wa Karl, na Karl akaapa kwa lugha ya watu wa Ludwig, ili jeshi la kila upande lisikie kwa masikio yake. Kiapo kile cha Ludwig ndicho andiko la zamani kuliko yote tulilo nalo la lugha iliyokuja kuwa Kifaransa, na alilitamka mtu wa upande wa Kijerumani. Napenda sana picha hiyo ya mfalme anayeapa kwa lugha isiyo yake mbele ya askari. Sijui kama matamshi yake yalikuwa mazuri.

Sasa dada. Swali lake si baya, na ukilijibu kwa hasira utakuwa umekosea mtu. Mtu anayejinyima ana haki ya kuuliza pesa inaelekea wapi. Na kwa sehemu anasema kweli. Barua za kawaida, matangazo, maelekezo ya kutumia kifaa, hizo mashine zinatafsiri vya kutosha, na waliokuwa wakilipwa kwa kila ukurasa wa kazi za namna hiyo wanaiona tofauti. Ukimjibu kwamba mashine haziwezi, atakuwashia tena ile sauti ya mwanamke na mtaishia hapo. Mpe majibu ya lugha moja moja, kwa sababu hazilingani. Kifaransa ni moja ya lugha 6 rasmi za Umoja wa Mataifa, Kijerumani hakimo. Kifaransa kinatumika kwenye ofisi na shule za nchi nyingi za Afrika. Kijerumani makazi yake makubwa ni Ujerumani, Austria na Uswisi. Kwa hesabu hiyo dada anashinda. Upande wa pili, Tume ya Ulaya, yaani ofisi kuu ya utendaji ya Umoja wa Ulaya, inafanyia kazi Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, na anayezijua zote tatu haokotwi barabarani. Pia vyuo vikuu vingi vya serikali Ujerumani havitozi ada ya masomo hata kwa wageni, ingawa jimbo la Baden-Württemberg tangu 2017 linawatoza wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na kokote uendako utaombwa uonyeshe pesa ya kujikimu kabla ya kupewa viza. Wengi wenye shahada kama yako hufundisha. Wengine huiunganisha na kitu kingine, utalii, sheria, uandishi, hata hiyo biashara anayoisema. Ni wachache wanaoishi kwa kutafsiri tu.

Lakini dada anauliza swali lake gizani. Hajui kuhusu sapu. Anadhani anakushauri juu ya soko la ajira, wewe unayapokea kama hukumu juu ya kufeli kwako. Utamwambia lini? Ukimwambia sasa, kuna uwezekano akasema "si nilikwambia", na utalazimika kuvumilia jioni moja mbaya. Ukijaza fomu ya Kifaransa bila kumwambia, atafurahi kwa jambo asilolijua, na wewe utaiona furaha hiyo kila akikupigia. Sijui ipi itakuumiza zaidi. Wewe unamjua.

Fomu yenyewe, sasa. Ukibaki na Kifaransa peke yake, utapata pumzi, na pumzi si kitu cha kudharau kwa mtu anayegeuza njia kwenye korido. Unaweza kukichimba mpaka kikutoe jasho kweli. Hatari ninayoiona ni kwamba Kifaransa peke yake maana yake ni fasihi na historia zaidi, si pungufu, na Kijerumani kitakufuata humo humo. Diderot, mwandishi Mfaransa, alifariki mwaka 1784 akiacha mazungumzo aliyoyaandika kuhusu mpwa wa mwanamuziki Rameau, hayajachapwa. Yalitoka kwanza kwa Kijerumani, mwaka 1805, kwa tafsiri ya Goethe, mwandishi wa Kijerumani. Wafaransa walipoyataka, mwaka 1821 walipewa Kifaransa kilichotafsiriwa kutoka kwenye kile Kijerumani. Nakala ya mkono wa mwandishi ilikuja kupatikana mwishoni mwa karne ya 19. Utakutana na vitu vya namna hiyo, na kila mara utajua uliuacha mlango gani.

Ukibaki na zote mbili, ujue unachokubali: usiku mwingi zaidi, alama ambazo kwa muda hazitapendeza, na muhula ugenini ukiwa na Kijerumani cha kuchechemea. Watu wanarudi kutoka huko wakiongea. Wengine wanarudi wamekaa chumbani miezi mitano na simu. Hilo linategemea sana mtu alikwendaje, na kama alikubali kusema "bibi ana nyumba" mbele ya watu. Na sapu nyingine ikija, itakula muda na pesa ya dada, kwa hiyo si ya kwako peke yako.

Kuhamia biashara nimeliona umelitaja kwa niaba ya dada, hukulitaja kwa niaba yako, basi nami naliacha mpaka ulitaje mwenyewe.

Kuna moja hukuniandikia: je, ni kweli hakuna njia ya katikati? Kwenye vyuo vingi mtu huruhusiwa kuifanya lugha ya pili kuwa somo dogo, au kurudia sarufi ya mwaka wa kwanza huku akiendelea na historia, au kuomba muhula wa ugenini ugawanywe. Fomu ina visanduku viwili kwa sababu fomu ni karatasi. Anayeifahamu yuko idara yako, na huenda ni mtu wa ofisi ile ile unayoizunguka.

Hujaniambia jambo moja na ningependa kulijua ukiniandikia tena. Zile kurasa nne za Kiswahili bado unazo? Kama unazo, chukua aya moja tu, ile inayokuuma, uiweke kwa Kijerumani kwa mkono wako, kwa kamusi, der na die zikikosewa zikosewe. Itachukua jioni nzima na haitapendeza. Usimpe mtu. Soma tu uone kama baada ya kumaliza unataka kuendelea na ya pili au unataka kulala.

Na siku utakayokwenda kwa mwalimu, nenda na karatasi ile ile yenye duara. Itoe kwanza kwenye kamusi ya Kifaransa.